Saa ya mkanda wa chuma: ibane kiasi gani mkononi?

MajiraSahihi

Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa kuhusu kipimo sahihi cha saa yenye mkanda wa chuma. Saa yenyewe ina kipenyo cha mm 42 na uzito wa gramu 165 pamoja na mkanda. Kifundo cha mkono kina mzunguko wa sm 17.

Tatizo ni hili: asubuhi saa inazunguka mpaka uso unaangalia upande wa kidole kidogo. Mchana jua likiwaka inabana na kuacha alama za pingili (vile vipande vinavyounda mkanda) kwenye ngozi. Nikitoa pingili moja inabana kutwa nzima, nikiirudisha inazunguka kama bangili. Wapo wanaosema lazima kidole kimoja kipite chini ya mkanda, wapo wanaosema chuma huvaliwa kikilegea. Kipimo halisi ni kipi? Na je, kubana au kulegea kuna madhara kwa saa au kwa mkono?

---

PinginusuTu

Mkuu, umeligusa tatizo bila kujua. Unatafuta kipimo kwenye pingili, na kipimo hakipo kwenye pingili. Kipo kwenye kufuli, kile kibanio cha kufungia mkanda.

Anza na mkono kwanza. Kifundo cha mkono hakina saizi moja. Hujaa kwa joto, kwa mazoezi, kwa kula chumvi nyingi, kwa kuning'iniza mikono muda mrefu ukitembea. Hupungua kwenye baridi na ukiwa umetoka kulala. Tofauti ya asubuhi na alasiri ni milimita kadhaa za mzunguko. Ngozi au raba hunyumbuka kidogo na kukusamehe. Chuma hakikusamehei hata nukta. Kwa hiyo mkanda wa chuma hupimwa mkono ukiwa umejaa, alasiri au baada ya kutembea kwenye joto. Ukiupima asubuhi na mapema ukaona umekaa vizuri, mchana utakukaba.

Sasa mahesabu. Pingili moja nzima kwa kawaida ina urefu wa mm 7 hadi 10. Tuseme yako ni mm 9. Ukitoa au kurudisha pingili unabadilisha mzunguko kwa mm 9 kwa mkupuo, na hicho ni kiasi kikubwa. Gawanya kwa 3.14 upate nafasi inayoongezeka chini ya mkanda ukiisukumia yote upande mmoja: karibu mm 3. Ndiyo maana ukitoa inakaba, ukirudisha inacheza.

Fungua kufuli, tazama ubavuni. Utaona vitundu vidogo vimejipanga, vitatu hadi sita, na kimojawapo kimeshika ncha ya pini ya springi inayounganisha mkanda na kufuli. Umbali wa tundu hadi tundu ni kama mm 2 hadi 3. Kuhamisha pini tundu moja kunabadilisha nafasi chini ya mkanda kwa chini ya mm 1. Hapo ndipo penye kipimo chako. Kama pini ipo tundu la ndani kabisa na pingili zote zipo, toa pingili moja kisha peleka pini tundu la nje kabisa. Kwa matundu matano ya mm 2.5 una mm 10 za kuchezea, yaani zaidi ya pingili nzima. Hakuna urefu utakaokushinda.

Namna ya kujua umefika:

Vaa saa nyuma ya kile kifupa kinachojitokeza upande wa kidole kidogo, yaani upande wa kiwiko, siyo juu yake wala mbele yake kuelekea kiganja. Achia mkono uning'inie na uutikise. Saa ikivuka kifupa na kuangukia mgongo wa kiganja, imelegea mno.

Isukume kuelekea kiwiko. Inatakiwa iteleze sm 1 hadi 2 kisha ikwame yenyewe. Isipoteleza hata kidogo, inabana. Ikifika katikati ya mkono, punguza.

Kunja ngumi kwa nguvu, kisha pinda kiganja kwa nyuma. Misuli na mishipa itatuna. Ukisikia kufuli linachoma au ngozi inakunjika pembeni mwa pingili, ongeza tundu moja.

Jaribu kupitisha ncha ya kidole kidogo chini ya kufuli. Iingie kwa kusukuma kidogo. Mimi hiki nakipa uzito mdogo kuliko vile vitatu vya kwanza, kwa sababu vidole havilingani unene, na ndiyo maana kanuni ya "kidole kimoja" inazua ubishi usioisha.

---

BangiliYaChuma

Naheshimu maelezo ya juu, lakini saa ya chuma ina raha yake ikining'inia kidogo. Haitoi jasho, hewa inapita, na ukitaka kunawa unaisukuma juu. Kwa nini tulazimishane kuikaza?

---

FundiVidogo

@BangiliYaChuma kulegea kidogo hakuna ubaya, ndicho alichoandika PinginusuTu. Kulegea kama bangili ndiko kunakoila saa, na nitaeleza kwa nini, maana madhara hayaonekani mpaka baada ya miaka.

Kila pingili imeshikwa na pini nyembamba, kipenyo chake mara nyingi ni milimita moja au chini ya hapo. Saa ikicheza, kila hatua unayopiga kila pini inasuguana na tundu lake. Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi vinaingia humo na kuwa kama msasa wa majimaji. Pini zinakonda, matundu yanapanuka. Ukitaka kuona, shika saa kwa ubavu, uso ukiangalia pembeni, acha mkanda uwe wa mlalo. Mkanda mzima wa afya unabaki karibu umenyooka. Uliochoka unainama kama mkufu. Watu wanasema chuma "kimevutika". Hakijavutika, kimelika ndani. Mikanda ya zamani yenye pingili za bati lililokunjwa, zenye uwazi ndani, huchoka haraka kuliko ya pingili nene.

Pili, saa inayoning'inia ndiyo inayogonga fremu za milango na pembe za meza, kwa sababu kichwa cha saa, yaani ule mwili wenye uso, hakipo mahali mkono wako unapodhani kipo. Tatu, ikiteremka mbele ya kifupa, kile kitufe cha kutilia majira kinachimba mgongo wa kiganja kila unapokipinda.

Na kubana nako kuna lake. Upande wa gumba, karibu kabisa na ngozi, unapita mshipa wa fahamu unaohudumia mgongo wa gumba na sehemu ya mgongo wa kiganja. Mkanda mgumu unaobana saa nyingi mfululizo unaweza kuukandamiza, na dalili yake ni ganzi au mwasho wa kama sindano mgongoni mwa gumba. Mtu akihisi hivyo avue saa siku hiyo hiyo na asiirudishe kwa kipimo kile. Ganzi ikiendelea baada ya kuvua, amwone daktari. Alama za pingili zinazofutika ndani ya dakika chache si tatizo. Zinazobaki nusu saa zinakwambia uongeze tundu.

---

MajiraSahihi

Ahsanteni sana wakuu. Nimekuta matundu manne, pini ilikuwa la pili kutoka ndani. Naomba hatua za kutoa pingili bila kukwaruza, na je, nitoe upande upi?

---

FundiVidogo

Upande kwanza, kwa sababu wengi hukosea hapa na kulaumu kubana. Nikisema namba 12 na namba 6 namaanisha zilizoandikwa usoni mwa saa, siyo saa tunavyoitamka, tusije tukageuza kichwa kuwa miguu.

Kufuli linatakiwa likae katikati ya upande wa chini wa kifundo, pale pabapa. Likisogea pembeni, mkanda wenye urefu sahihi kabisa utabana upande mmoja na kuacha uwazi upande wa pili, na kichwa cha saa kitavutwa kuelekea huko. Vaa saa, weka uso katikati ya mgongo wa mkono, kisha geuza mkono utazame kufuli. Likielemea upande wa kidole kidogo, toa pingili upande wa namba 6. Likielemea upande wa gumba, toa upande wa namba 12. (Ni hivyo hivyo kwa anayevaa mkono wa kushoto au wa kulia.) Kwa mikono mingi upande wa namba 6 huishia kuwa mfupi kwa pingili moja. Usishangae pande zisipolingana.

Sasa kutoa. Tazama ndani ya mkanda. Kukiwa na vishale vidogo, ni mkanda wa pini za kusukuma. Pini inatoka kwa kufuata mshale. Weka mkanda kwenye kitalu cha plastiki chenye mifereji, au ukikosa, kifutio kigumu kilichotobolewa. Tumia kisukumia chenye ncha nyembamba kuliko pini, shika wima kabisa, gonga polepole kwa nyundo ndogo. Ikipindika ncha, umeshika mshazari. Pini ikichomoza mm 2 au 3, malizia kwa koleo lenye midomo laini, ukivuta bila kuzungusha.

Kurudisha ni kinyume cha mshale. Pini nyingi zina ncha moja iliyopasuliwa kati. Ncha nzima inatangulia, iliyopasuliwa inaingia mwisho, kwa sababu huo mpasuko ndio unaoshika. Ukiigeuza, itaingia kwa taabu na inaweza kutoka yenyewe baadaye. Ikishaingia, pitisha ukucha pande zote mbili. Isichomoze hata kidogo, maana pini iliyochomoza huchana mikono ya shati na siku moja huanguka.

Tahadhari kubwa: mikanda mingi ya Seiko, na ya watengenezaji wengine wachache, hutumia pini laini isiyo na mpasuko pamoja na kibomba kidogo sana, kama punje ya ufuta, ambacho kwa kawaida hukaa kwenye kipande cha kati cha pingili. Kibomba ndicho kinachoshika pini. Ukisukuma pini, kibomba kinadondoka kimya kimya na unaweza usijue. Fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe. Pini ikirudi na kuteleza kwa ulaini bila upinzani wowote, simama, kibomba hakipo. Usivae saa hivyo hata kwa siku moja.

Mikanda ya skrubu ni tofauti. Ubavuni utaona mfereji wa bisibisi. Upana wa bisibisi ulingane na mfereji, mara nyingi mm 1.2 hadi 1.6, ikiwa nyembamba mno itakula kingo za skrubu. Skrubu isipokubali, kiwandani waliweka gundi. Tenganisha mkanda na kichwa cha saa kwanza, upashe joto kwa kikausha nywele dakika mbili tatu, kisha jaribu tena. Zipo zenye skrubu pande zote mbili. Hapo unahitaji bisibisi mbili, moja izuie, nyingine ifungue. Wakati wa kurudisha, tone dogo la gundi ya nyuzi za skrubu, ile dhaifu au ya kati, kamwe siyo ya kudumu.

Pingili na pini ulizotoa zitie kwenye bahasha. Mwili hubadilika.

---

MajiraSahihi

Nimefuata. Nimetoa pingili moja upande wa namba 6, pini ya kufuli nimeipeleka tundu la mwisho la nje. Haibani tena mchana. Lakini asubuhi kichwa bado kinaelemea upande wa kidole kidogo, siyo sana kama mwanzo. Nipunguze tundu moja?

---

PinginusuTu

Usipunguze bado, mkuu. Ukipunguza utarudi kulekule kwa alama za mchana. Kuelemea huko kunaweza kuwa hakutokani na urefu kabisa.

Angalia vile vipande vya mwisho vinavyoungana na masikio ya saa, yaani zile ncha za kichwa zinazoshika mkanda. Vaa saa, tazama kwa upande. Je, mkanda unaanguka moja kwa moja kutoka kwenye masikio na kufuata mkono, au kipande cha kwanza kinanyooka mbele kwanza ndipo mkanda uteremke? Kikinyooka, ni kana kwamba saa yako imerefuka. Kwenye mkono wa sm 17 masikio yanavuka ukingo wa mkono, pembeni panabaki uwazi, na kichwa kinapata nafasi ya kuyumba hata kufuli likibana chini. Kukaza hakuondoi uwazi wa pembeni. Kunahamishia maumivu upande wa kufuli tu. Dawa yake ni mkanda wenye vipande vya mwisho vinavyoinama tangu kwenye sikio.

Jambo jingine ni uwiano wa uzito. Kichwa kinene, chenye mgongo uliobenuka, juu ya mkanda mwembamba, hupinduka tu; kimesimama juu ya kilima. Mkanda mzito kiasi na kufuli zito husawazisha. Ndiyo maana watu hushangaa saa ya titani kukaa kwa utulivu ikiwa imelegea kuliko ya chuma: titani ina msongamano wa takriban gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, chuma cha pua karibu gramu 8. Kuna uzito mdogo wa kuivuta.

Ukitaka asubuhi na mchana vyote vikae sawa, suluhisho la kweli ni kufuli linalorekebishika ukiwa umelivaa. Rolex wana Easylink inayoongeza mm 5 mara moja, na Glidelock ya saa yao ya kuzamia ya Submariner inayokwenda hatua za mm 2 hadi jumla ya mm 20. Tudor wana T-fit, nafasi tano ndani ya mm 8. Siku hizi makufuli ya namna hii yanauzwa pia peke yake. Ukinunua, pima kwa vernia (kile kipimio chenye taya) upana wa mkanda unapoingia kwenye kufuli, siyo upana kati ya masikio. Hivyo ni vipimo viwili tofauti. Angalia pia urefu wa kufuli lenyewe. Mengi ya aina hii ni marefu, na kufuli refu lililonyooka chini ya mkono mdogo hubana kwenye ncha zake mbili hata mkanda ukiwa na nafasi.

Kile kipande cha kukunjuka kilichomo kwenye kufuli za saa za kuzamia kiliwekwa kwa ajili ya kuvaa juu ya suti ya kuzamia. Hurefusha mno kwa matumizi ya kila siku, usikitegemee kwa joto la mchana.

---

NgoziLaini

Naongezea upande wa ngozi kwa kuwa hakuna aliyeugusa. Wengi wakiwashwa chini ya mkanda hudhani wana mzio wa chuma, kisha wanalegeza, na muwasho unabaki. Mara nyingi kinachowasha ni sabuni na jasho vilivyokwama. Ukinawa mikono, suuza pia chini ya kufuli na ukaushe.

Mzio wa nikeli upo kweli. Chuma cha pua cha aina ya 316L kina nikeli kama asilimia 10 hadi 14, ila imeshikwa vizuri ndani ya chuma na hutoka kidogo sana. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa vitu vinavyogusa ngozi muda mrefu: mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Mtuhumiwa mkubwa ni mikanda ya bei ya chini iliyopakwa rangi ya chuma juu ya madini mengine, mpako ukishachunika. Upele ukichora umbo la kufuli au la mgongo wa saa kwenye ngozi, na ukawa unarudi kila ukivaa, hamia titani badala ya kuhangaika na matundu.

Usafi: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini, dakika tano, kila wiki mbili au zaidi kama unatoka jasho sana. Piga mswaki huku ukikunja pingili ili uchafu wa kati utoke. Kabla ya maji, hakikisha saa inastahimili maji na kitufe cha pembeni kimesukumwa au kukazwa ndani. Bila uhakika, vua mkanda uuoshe peke yake. Ukitoka baharini au kwenye bwawa, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.

---

BangiliYaChuma

Na zile saa janja zinazopima mapigo ya moyo? Mkanda wa chuma unafaa?

---

PinginusuTu

Unafaa kwa kuvaa kawaida. Kwenye mazoezi una shida. Saa hizo zinapima kwa kumulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma unaorudi. Mgongo wa saa ukiinuka hata kidogo, mwanga wa nje unaingia na saa hufanya kazi kwa kubahatisha. Wakati wa kukimbia inatakiwa ikae upana wa kidole mmoja hadi viwili nyuma ya kifupa kuelekea kiwiko na ibane kiasi cha kutoteleza, kisha ilegezwe ukimaliza. Mkanda wa matundu hauruhusu hilo katikati ya safari. Weka raba kwa mazoezi, chuma kwa siku nyingine.

---

FundiVidogo

@MajiraSahihi kitu cha mwisho kabla hujaivaa tena, kwa kuwa umehamisha pini ya springi. Ncha zake mbili lazima zionekane ndani ya matundu ya namba ileile pande zote za kufuli. Ni rahisi sana upande mmoja kuingia tundu la nne na mwingine la tatu. Mkanda hukaa mshazari na pini hupinda taratibu. Ukishahakikisha, shika saa juu ya kitanda au kitambaa kinene, vuta mkanda pande zote mbili za kufuli kwa nguvu ya kawaida ya mkono, huku ukiuyumbisha kushoto na kulia. Ukisikia mlio wa tik, ncha moja haikuwa imeingia.

---

MajiraSahihi

Nimeangalia. Upande mmoja ulikuwa tundu la tatu, mwingine la nne. Nimerekebisha, na kuelemea asubuhi kumepungua sana. Ahsanteni wote.